Somo la Vijana: Beji za Zamani, Jinsi ya Kuzitambua na Kukadiria Miaka Yake



Katika mafunzo ya viongozi wa vijana yaliyofanyika hapa Nyakato, tuliwaomba washiriki waje na kitu kimoja cha zamani kutoka katika sharika zao, ili tujifunze namna ya kuandika historia ya umoja wa vijana kwa kutumia ushahidi badala ya kusikia tu. Tulitarajia picha na vitabu vya mahudhurio. Vitabu vilikuja viwili, na kimoja kilikuwa kimeliwa na mchwa nusu nzima. Kilicholetwa kwa wingi ni beji. Nyingine zilikuwa ndani ya kopo la Kimbo pamoja na vifungo vya mashati na sarafu zilizokwisha muda, nyingine zimefungwa katika kitambaa, na moja ilikuwa bado imebanwa kwenye kola ya koti la marehemu. Kila aliyeleta alikuwa na maelezo yake, na karibu kila beji ilisemekana kuwa ni ya "kabla ya Uhuru".

Somo hili linahusu jinsi ya kujibu swali hilo la miaka kwa uaminifu. Si jambo la kujifurahisha tu. Kuna usharika mmoja katika eneo letu ambao vijana wake walikuwa wameanza maandalizi ya jubilei, kadi za mchango zimechapishwa, na mwaka wa kuanzishwa kwa umoja wao ukaandikwa kuwa ni 1958. Ushahidi pekee uliotolewa ulikuwa beji ya chuma yenye ua la Luther na herufi KKKT. Lakini Kanisa letu liliundwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana. Kabla ya siku hiyo hakukuwa na KKKT ya kuandikwa kwenye beji. Kwa hiyo beji ile haiwezi kuwa ya mwaka 1958, hata kama aliyeileta ni mzee wa kanisa anayeheshimika.

Je, hiyo ina maana kwamba umoja wao haukuwapo mwaka 1958? Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Umri wa beji ni umri wa beji. Kikundi kinaweza kukaa miaka kumi bila beji yoyote, kisha siku moja kikapata mfadhili au mchango wa kutosha kuagiza. Vijana wale tuliwashauri waachane na beji kwa muda, waende kwenye kitabu cha kipaimara na kwa wazee watatu waliobaki hai, kila mmoja aulizwe peke yake. Kadi za mchango zilisimamishwa. Wapo waliokasirika, nasi tunawaelewa, maana fedha ilikwisha kutumika. Lakini jubilei inayosomwa mbele ya Mungu na mbele ya wazee wanaojua ukweli ni heri ichelewe.

Katika Yoshua sura ya 4 tunasoma juu ya mawe kumi na mawili yaliyotolewa katikati ya mto Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wao wawe na jibu. Mawe yale yenyewe hayakuwa na maandishi. Yalihitaji mtu wa kueleza, na maelezo yalihitaji kuwa ya kweli. Beji nazo ni hivyo hivyo, ila zina nafuu moja: nyingi zina alama na maandishi yanayoweza kutusaidia kumpima mwelezaji.

Kanuni ya kwanza: tafuta mpaka wa chini

Unaposhika beji usiulize kwanza ni ya mwaka gani. Uliza: haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka gani? Kila jina, kila nembo na kila herufi iliyopo ina siku yake ya kuzaliwa, na beji haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko alama iliyo changa kuliko zote juu yake. Huo ndio mpaka wa chini, na ni mgumu kama mwamba. Mpaka wa juu, yaani beji haikutengenezwa baada ya mwaka fulani, ni laini zaidi, kwa sababu vikundi vilikuwa na tabia ya kumaliza akiba ya zamani kwanza. Kama katibu alikuwa na beji 200 zenye jina la zamani ndani ya sanduku, hakuzitupa ziwani kwa sababu jina limebadilika.

Tuanze na jina la nchi. Waingereza waliipa nchi hii jina la Tanganyika Territory mwaka 1920. Beji yenye neno "Tanganyika" basi ni ya baada ya hapo. Muungano na Zanzibar ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huo huo. Beji yenye "Tanzania" haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa 1964. Lakini angalia mtego: si kila herufi T inasaidia. Kanisa letu lilipoundwa mwaka 1963 herufi ya mwisho ya KKKT ilisimama badala ya Tanganyika, na baadaye ikawa Tanzania bila herufi yenyewe kubadilika. Vivyo hivyo TANU iliendelea kuitwa TANU, yaani chama cha Tanganyika, hadi mwaka 1977, ingawa nchi ilikuwa Tanzania kwa miaka kumi na mitatu.

Majina ya mikoa yanasaidia sana huku kwetu kwa sababu yamebadilika mara nyingi. Wakati wa ukoloni sehemu hii yote ilikuwa Jimbo la Ziwa, na makao yake yalikuwa Mwanza. Baada ya Uhuru majimbo ya zamani yaligawanywa kuwa mikoa. Ndugu zetu wa Bukoba walikuwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, na mkoa huo ukaitwa Kagera mwaka 1979, baada ya vita na Idi Amin. Kijana akileta beji ya mashindano ya kwaya yenye neno "Kagera" akasema ni ya babu yake ya mwaka 1970, mwambie kwa upole kwamba ni vigumu. Mikoa ya Geita na Simiyu ni ya mwaka 2012. Mwanza yenyewe ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000, kwa hiyo maneno "Jiji la Mwanza" kwenye beji ni ya karne hii.

Beji za skauti na Girl Guides

Hizi ndizo zilizotupa kazi kubwa, na ndizo zenye mengi ya kujifunza.

Harakati ya skauti ilianzishwa Uingereza na Baden-Powell, kambi yake ya kwanza ya majaribio ikiwa mwaka 1907. Hapa Tanganyika skauti inahesabiwa kuanza mwaka 1917, wakati Vita Kuu ya Kwanza haijaisha, na chama chetu kikaingia katika umoja wa dunia mwaka 1963. (Wasomaji wengine watakumbuka kwamba Baden-Powell alimalizia maisha yake kwa majirani zetu Kenya. Alifariki Januari 1941 na kaburi lake liko Nyeri.) Beji ya kawaida ni ua la lili lenye ncha tatu. Vijana wetu walidhani ni mkuki. Ncha tatu zinakumbusha sehemu tatu za ahadi ya skauti, na nyota mbili zenye ncha tano kila moja zinakumbusha amri kumi za skauti. Ukiona ua hilo jeupe juu ya rangi ya zambarau, limezungukwa na kamba yenye fundo chini, hiyo ni alama ya umoja wa skauti wa dunia, wala haikuambii peke yake beji imetoka nchi gani.

Kwa beji za Kiingereza, tazama kama kuna neno "Boy". Chama cha skauti cha Uingereza kiliitwa Boy Scouts Association hadi mwaka 1967, kilipoondoa neno hilo. Beji yenye "Boy Scouts" kutoka Uingereza kwa kawaida ni ya kabla ya hapo.

Girl Guides ilianza mwaka 1910 na ilifika Tanganyika mwaka 1928. Alama yake ni jani lenye sehemu tatu, na sehemu hizo zinawakilisha ahadi tatu. Beji ya dunia, yenye jani la rangi ya dhahabu juu ya buluu, ilipitishwa mwaka 1930. Ndani ya jani kuna nyota mbili na mstari wa katikati unaofanana na sindano ya dira, na shina lake limechorwa kama mwali wa moto. Msichanganye jani hili na lile la vilabu vya 4-H vya vijana wakulima. La 4-H lina sehemu nne, na kila sehemu ina herufi H. Tumeona beji ya 4-H ikiandikwa "Girl Guides" katika maelezo ya picha, na kosa hilo likirudiwa mara mbili linageuka kuwa historia.

Sasa tueleze mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha jinsi chuma, kumbukumbu na karatasi vinavyosaidiana. Msichana mmoja alileta beji ya jani la sehemu tatu, ya shaba yenye rangi ya buluu, nyuma ina pini ndefu na ndoano ya kawaida. Haikuwa na jina la nchi. Alisema ni ya bibi yake lakini hakujua aliipataje. Katika familia ilijulikana kwamba bibi hakusoma.

Kwa chuma peke yake tungeweza kusema tu kwamba si ya kabla ya 1930. Tukamshauri aende nyumbani na mwenzake mmoja, amsalimie bibi, akae, na asianze na swali la mwaka. Wazee wengi hawakumbuki mambo kwa mwaka. Wanakumbuka kwa njaa, kwa mvua kubwa, kwa mwalimu fulani, kwa mtoto aliyezaliwa. Aulize: Bibi, hii ulipewa na nani? Ulikuwa wapi? Ulikuwa umeolewa?

Bibi aliishika beji, akakaa kimya, halafu akaisema ahadi ya Girl Guides kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amesoma miaka kadhaa katika shule ya bweni ya misheni, akatolewa ili ada ipatikane kwa kaka zake, akaolewa. Hakuwahi kuwasimulia wajukuu kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna aliyeuliza. Mtoto wake wa kwanza ana cheti cha ubatizo cha mwaka 1957. Kwa hiyo beji ile alipewa kabla ya hapo, na kwa umri wake bibi haiwezi kuwa mapema kuliko mwishoni mwa miaka ya 1940. Kutoka "baada ya 1930" tumefika kwenye kipindi cha chini ya miaka kumi, bila kubuni chochote. Tunaona hayo ni makadirio mazuri kabisa, na kwenye kadi tuliandika hivyo hivyo: "takriban 1948 hadi 1956". Wajukuu walitaka tuandike mwaka mmoja tu kwa sababu unapendeza zaidi. Tulikataa.

Beji za vyama vya siasa

Wengine waliuliza kama inafaa kuleta beji za chama katika shughuli ya kanisa. Jibu letu ni kwamba tunasoma historia, hatufanyi kampeni, na vijana wa sharika zetu walikuwa raia kama wengine. Mtu asiogope kuleta, wala asitumie darasa kutangaza chama.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bendera yake ilikuwa na kijani, nyeusi na kijani, na rangi hizo zinaonekana kwenye beji nyingi. Beji yenye herufi TYL ni ya umoja wa vijana wake, TANU Youth League. Huku kwetu kuna jambo la pekee la kukumbuka: kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni haikuruhusu TANU kufanya kazi zake Mwanza na Usukumani. Mtu anaposema baba yake alivaa beji ya TYL hadharani mjini Mwanza mwaka 1955, si lazima awe anasema uongo, maana wapo waliojiunga kwa siri au wakiwa mikoa mingine. Lakini dai hilo linahitaji ushahidi zaidi ya beji.

Kuna pia matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, ambako mkutano mkuu wa TANU ulifanyika. Tukio hilo liliingia sana mioyoni mwa watu wa huku, kiasi kwamba karibu kila beji ya TANU inayotoka kwenye kopo inasemekana ilivaliwa siku ile. Hadithi kubwa huvuta vitu vidogo upande wake. Andikeni hadithi kama ilivyosimuliwa, lakini katika sehemu ya masimulizi, si katika sehemu ya tarehe.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi Party ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na nembo ya jembe na nyundo ikaja. Hapa mpaka wa chini hauna mjadala. Familia moja ilituletea beji ya marehemu baba yao, nao walikuwa wameazimia kuandika juu ya kaburi kwamba alikuwa kijana wa TANU tangu 1955. Beji ilikuwa na jembe na nyundo. Mzee alikuwa mwanachama, ndiyo, lakini kitu kile hakiwezi kuthibitisha mwaka ule. Tuliwaeleza wakiwa faraghani, si mbele ya darasa, na tuliwaomba watafute kadi yake ya uanachama kabla ya kumlipa fundi wa saruji.

Jembe peke yake bila nyundo lisikufanye ukurupuke. Chama cha Democratic Party cha Uganda hutumia jembe, na watu, mizigo na beji vimekuwa vikivuka ziwa hili miaka yote kwa meli kati ya Mwanza, Bukoba, Kisumu na bandari za Uganda. Jogoo ni KANU ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1960. Mkono uliofunguliwa ni UPC ya Uganda, nayo ni ya mwaka 1960.

Beji za vikundi vya Kikristo

Ua la Luther wasomaji wetu wanalijua: msalaba mweusi katika moyo mwekundu, juu ya ua jeupe, katika uwanja wa buluu wenye pete ya dhahabu. Luther mwenyewe alieleza maana yake katika barua ya tarehe 8 Julai 1530. Kwa sababu nembo hiyo ni ya karne ya 16, haitusaidii hata kidogo kujua mwaka wa beji. Kinachosaidia ni maandishi yaliyo pembeni yake.

Nanga ni alama ya Boys' Brigade, iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1883, na inatokana na Waebrania 6:19. Kikundi hiki kina nguvu zaidi kwa ndugu zetu Wapresbiteri wa Kenya. Hapa kuna alama nzuri ya tarehe: mwaka 1926 Boys' Brigade iliungana na kikundi kingine cha aina yake, na msalaba mwekundu ukawekwa nyuma ya nanga. Nanga bila msalaba ni ya kabla ya hapo, nanga yenye msalaba ni ya baadaye. Laiti vikundi vyote vingekuwa na desturi ya kubadilisha nembo kwa utaratibu namna hiyo.

Pembetatu nyekundu ni YMCA. Pembetatu yenye ngao na upanga ni ya Watafuta Njia wa Waadventista, ambao ni wengi sana Mara na Mwanza. Klabu hizo zilikubaliwa rasmi na kanisa lao duniani mwaka 1950. UKWATA, VIWAWA na TYCS hutambulika kwa herufi zao, na hizo ni rahisi kwa sababu waanzilishi au viongozi wa zamani wengi wanaweza kupatikana na kuulizwa.

Geuza beji, tazama mgongo

Watu hupenda uso wa beji, lakini mgongo ndio husema zaidi. Tumia lenzi ya kukuzia, au piga picha kwa simu kisha uikuze. Andika kila herufi unayoiona hata kama huielewi. Beji nyingi za zamani zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na zina majina ya watengenezaji kama J. R. Gaunt au Thomas Fattorini. Ukiona "Rd No" au "Regd No" ikifuatwa na namba, hiyo mara nyingi ni namba ya kusajiliwa kwa mchoro huko Uingereza. Namba hizo zilianza na 1 mwaka 1884, kufikia mwaka 1900 zilikuwa zimepita 350,000, na kufikia 1930 zilikuwa zimepita 750,000. Kumbuka kwamba namba inatoa mwaka wa kusajili mchoro, si mwaka wa kutengeneza beji. Mchoro uliosajiliwa mwaka 1910 uliweza kutumika miaka arobaini. Kwa hiyo, tena, ni mpaka wa chini tu.

Taji la kifalme lipo kwenye beji nyingi za shule na mashirika ya wakati wa ukoloni. Likiwa na matao ya juu yaliyo mviringo, lilitumika zama za wafalme, kuanzia 1901 hadi 1952. Matao yakiwa yamebonyea katikati, ni la zama za Malkia Elizabeth, ambaye alitawazwa tarehe 2 Juni 1953. Linganisheni mbili kwa pamoja ndipo tofauti itaonekana vizuri.

Kisha kishikizo. Kifungo cha kupitisha kwenye tundu la kola ya koti, chenye umbo la mwezi mchanga, ni cha mtindo wa zamani. Pini ndefu yenye ndoano imetumika miaka mingi sana na haisemi mengi. Msumari mfupi unaoshikwa nyuma na kibanio chenye mabawa mawili kama kipepeo ulianza Marekani miaka ya 1940 na ukaenea baadaye, hivyo beji ya "1930" yenye kibanio hicho itiliwe shaka, isipokuwa kama kuna dalili ya kuchomelewa upya. Mafundi wetu hubadilisha vishikizo bila shida.

Rangi nayo ipimwe kwa ncha ya kidole, si kwa sindano. Enameli ya kweli ni kioo kilichoyeyushwa kwa moto. Ni ngumu, laini, na iko sawa na kingo za chuma, kama sahani za enameli tulizolia ugali. Rangi ya kisasa huwa imelala chini kidogo ya kingo, au imefunikwa kwa plastiki angavu iliyovimba kama tone la maji. Beji za kuchapwa juu ya karatasi na kufunikwa kwa plastiki, mviringo kama kifungo kikubwa, zilianza Marekani miaka ya 1890, kwa hiyo msidhani ni mpya kwa sababu tu zinafanana na zile za harusi na misiba ya siku hizi. Sumaku itakuambia kama ni bati la chuma au shaba.

Beji za kuigiza zipo, na zinauzwa mtandaoni. Beji inayosemekana ina miaka sabini lakini haina mchubuko hata mmoja na kishikizo chake kinang'aa, iulizwe maswali mengi.

Usisafishe

Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu tumeona hasara. Msisugue beji kwa limau na majivu, wala kwa dawa ya meno, wala Brasso. Kutu ya kijani inatisha, lakini limau hula shaba na kuondoa herufi ndogo za mgongoni ambazo ndizo ushahidi wetu. Beji moja ilitufikia inameta kama mpya, na jina la mtengenezaji limebaki nusu. Futa vumbi kwa brashi laini, basi. Ifunge katika karatasi nyeupe au kipande safi cha kitambaa cha pamba, si mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu wa huku ziwani hufungiwa ndani. Usiandike juu ya beji. Andika kwenye karatasi, kwa penseli, na iwekwe pamoja nayo.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku katika mitaa yetu, na watoto huuza chochote kwa kilo. Kopo zima la beji halifiki uzito wa kununulia soda. Wazazi wawaambie watoto mapema.

Kazi ya kikundi

Kila umoja wa vijana uchague beji tatu, ukae kwa makundi ya watu wanne au watano, na kujaza kadi moja kwa kila beji. Kadi iwe na picha ya uso na ya mgongo, rula ikiwa pembeni ili vipimo vionekane. Maandishi yote kama yalivyo. Aina ya kishikizo na rangi. Mpaka wa chini na sababu yake. Makadirio ya kipindi. Na sehemu ya peke yake ya masimulizi ya mwenye beji, pamoja na siku aliyosimulia na jina la aliyeandika. Mwenye beji aulizwe kama jina lake linaweza kuandikwa. Akisema hapana, iandikwe "mama mzee wa mtaa" au "mzee wa mtaa", inatosha.

Mkiwa katika makundi jadilini pia maswali haya. Beji ikipingana na kumbukumbu ya mzee, mtasemaje naye bila kumvunjia heshima? Ni kina nani katika usharika wenu ambao hawakuwahi kupewa beji yoyote, lakini walifanya kazi ya vijana? Historia yao itaandikwa kwa ushahidi gani?

Kadi zilizojazwa ziletwe na wawakilishi wa majimbo katika kikao kijacho cha Idara ya Vijana. Beji zenyewe zisiletwe. Zibaki nyumbani kwa wenyewe.